Muungano wa mwalo Kibirizi: tuanze na wenye vipe (vyombo vya kuvulia dagaa) au tuanze wenyewe?

Katibu wa Mwaloni (Kibirizi, Kigoma)

Habari zenu, ndugu. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama tunaonunua dagaa wabichi alfajiri na kuwaanika hapa Kibirizi. Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, mazungumzo ya mwaloni yamebadilika. Wengi wetu hatubishi kwamba samaki wamepungua na kwamba mazalia yanahitaji kupumzishwa. Ugomvi wetu ni kwamba miezi ile mitatu ilibebwa na watu wasio na akiba, yaani mvuvi wa mgao (anayelipwa sehemu ya mapato ya chombo), mama muanikaji na kuli anayepakia magunia, wakati mwenye kipe aliegesha chombo chake akasubiri. Kama hayo hayatoshi, maji ya ziwa yaliyopanda yamekula sehemu ya ufukwe tuliokuwa tukianikia, na vichanja vilivyobaki vinagombaniwa.

Sasa shirika moja limetuletea wazo la kuunda muungano wa haki ya tabianchi wa mwalo mzima, mwenyekiti awe mmoja wa wenye vipe, kwa sababu ana ofisi na anajua kuzungumza na wakubwa. Wavuvi wamekataa kuingia. Mmoja wao aliniuliza, “Fidia ya tabianchi tutaidai nchi tajiri, na mgao wetu tumdai nani?” Naomba ushauri wa watu waliowahi kuunganisha wafanyakazi na wananchi: je, tuwakaribishe wenye vyombo tangu mwanzo ili tuwe na nguvu, au kwanza tujipange sisi tunaoishi kwa jasho?

Mstaafu wa Reli (Ujiji)

Dada Katibu, pokea salamu. Nilikuwa kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitajibu upande huo tu.

Wavuvi wako wana hoja, tena wana sheria. Wanaambiwa kila siku kwamba wao si waajiriwa bali ni wabia, kwa kuwa gharama hutolewa kwanza na kinachobaki ndicho kinachogawanywa. Lakini kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: anafanya kazi chini ya uelekezi wa huyo mwingine, amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, au anapewa naye vitendea kazi. Mvuvi anayeingia ziwani giza lote kwa nyavu, taa na injini za tajiri yuleyule amepungukiwa na lipi hapo?

Akishahesabiwa kuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inampa haki ya kuunda chama, na mkutano wa kukianzisha unahitaji waajiriwa 20 tu, idadi ambayo vipe vichache vya Kibirizi vinaitimiza. Kifungu cha 85 kinakiruhusu chama kilichosajiliwa kuitisha usitishaji wa kazi kwa ajili ya kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi, ilimradi baraza linalohusika lipewe taarifa yenye sababu, siku 30 zipite, kisha itolewe notisi ya siku 14. Kikundi chenu hakina haki hiyo kwa kuwa mnajiajiri, na BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) nayo haina, maana kazi yake ni kusimamia rasilimali na wenye vyombo wamo ndani yake. Kwa hiyo msilazimishe kila mtu aingie kwenye daftari moja. Wavuvi wawe na chama chao, ninyi ushirika wenu, makuli kikundi chao, na muungano uwe wa vyama hivyo, usiwe wa watu mmojammoja wanaoitwa kwenye semina na kusaini posho.

Jirani wa Katonga

Mimi naona mnazunguka. Dagaa wamemalizwa na kokoro (nyavu za kukokota hadi ufukweni) na nyavu za matundu madogo, na wanaozivuta ni hao hao wavuvi mnaowatetea. Tabianchi imeingiaje hapa?

Mwalimu wa Jiografia (Kasulu)

Ndugu wa Katonga, yote mawili yapo, na moja halifuti jingine. Ziwa letu lina kina kinachokaribia mita 1,470, na virutubisho vingi vimelala huko chini kwenye maji yasiyo na oksijeni. Pepo za kusini za kiangazi ndizo zinazoyachanganya maji na kuvipandisha juu, mwani ukastawi, vijidudu vinavyoula mwani vikaongezeka, na dagaa wakapata chakula. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya yale ya baridi na hayachanganyiki nayo kwa urahisi; watafiti walilichapisha hilo tangu mwaka 2003. Kwa hiyo hata kokoro zote zikichomwa kesho, bado sehemu ya upungufu itabaki, na swali la nani aubebe litabaki pia.

Kuhusu wenye vyombo, ningeangalia walikofanya wengine. Nchini Brazil, katika jimbo la Acre, Chico Mendes na wagema mpira wa Xapuri walianza na chama chao cha wafanyakazi, wakasimama na familia zao mbele ya wakata msitu, na baadaye wakaungana na jamii za wenyeji wa msitu na watetezi wa mazingira wa nje. Wageni hao walileta sauti kubwa, lakini dai la hifadhi ambamo wagema wangeendelea kugema lilitoka kwa wagema wenyewe. Mendes aliuawa tarehe 22 Desemba 1988, na mwaka 1990 hifadhi yenye jina lake ikatangazwa.

Mfano wa upande wa pili ni kituo cha umeme wa makaa cha Komati, Afrika Kusini, kilichozimwa Oktoba 2022 kwa jina zuri la mpito wa haki, yaani kuacha makaa bila kuwatupa wanaoishi kwa kazi yake. Wafanyakazi wa kudumu walipangiwa vituo vingine, lakini vibarua wa wakandarasi na mama ntilie waliowalisha hawakuwa na meza ya kukalia. Mkiangalia vizuri, vibarua wale ndio makuli wenu.

Mkulima wa Urambo (Tabora)

Huku kwetu kwenye tumbaku, miombo hukatwa kwa ajili ya kukaushia, na mkulima ndiye anayetakiwa kupanda miti. Katika AMCOS yetu (chama cha ushirika cha wakulima) tulijadili mazingira kwa muda mrefu bila mtu yeyote kutaja bei ya jani. Mazingira yalipowekwa kwenye ajenda moja na bei ndipo wakulima walipoanza kuja mkutanoni. Nanyi uwekeni mgao kwenye ajenda namba moja. Mwenye kipe atakayekubali kuujadili mbele ya watu mpokeeni, atakayekataa asubiri nje.

Katibu wa Mwaloni

Nawashukuru sana. Jana tajiri mmoja alikubali kutuonyesha daftari lake: petroli, betri, chakula, na chini kabisa neno “mengineyo” lenye kiasi kikubwa kuliko chakula, ambalo wavuvi wake walikuwa hawajawahi kulisoma. Huyo tutakaa naye. Kwa mwenyekiti tuliyeletewa tumeomba tusubiriwe. Wavuvi watakutana peke yao wakati wa mbalamwezi, ambapo taa hazivutii dagaa na wote huwa nchi kavu. Mzee Mstaafu, je, sheria inapanga kiasi cha ada?

Mstaafu wa Reli (Ujiji)

Haipangi kiasi, ila katiba ya chama lazima itaje ada au namna ya kuiamua. Mahudhurio yasainiwe na kila mmoja kwa mkono wake, jina la kipe chake liandikwe pembeni, na maombi ya usajili yafike kwa Msajili wa vyama vya wafanyakazi ndani ya miezi sita tangu siku ya mkutano.