Safari ya basi la kikundi Mikumi, siku mbili: inalipa au tujipange wenyewe?

MamaWawili_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri kabla sijalipa kianzio.

Kuna kampuni inakusanya watu wa kwenda Mikumi kwa basi la watu 50, Jumamosi na Jumapili, mwishoni mwa mwezi wa sita watoto wakiwa likizo. Mtu mzima 280,000, mtoto 190,000. Humo kuna usafiri, kiingilio, kulala usiku mmoja Mikumi mjini, milo minne na mwongoza watalii. Ratiba waliyotuma ni hii: kuondoka stendi ya Magufuli saa 11 alfajiri, kufika saa 5 asubuhi, kuzunguka hifadhini saa 5 hadi saa 9 alasiri, halafu hotelini. Jumapili ni maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, na kufika Dar saa 2 usiku.

Tuko watano: mimi, mume wangu, mama mkwe (ana miaka 68 na magoti yanamsumbua) na watoto wa miaka 13 na 8. Wote raia. Gari letu ni dogo, la chini, porini haliingii. Je, tulipie kifurushi hiki au tutafute njia yetu?

Ramani_Mkononi

Dada, anza na hesabu kabla ya kuangalia picha za tembo walizokutumia.

Kifurushi chenu: watu wazima watatu 840,000, watoto wawili 380,000. Jumla 1,220,000.

Sasa mkienda wenyewe. Treni ya SGR (reli mpya ya umeme) Dar hadi Morogoro, daraja la kawaida, ni 13,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Kwa hiyo mnalipa tiketi nne kamili na moja ya nusu (wa miaka 13 anahesabiwa mtu mzima kwenye treni). Kwenda na kurudi ni 117,000. Kiingilio cha Mikumi kwa raia ni 5,900 mtu mzima na 2,360 mtoto wa miaka 5 hadi 15, VAT ikiwa ndani. Nyote watano ni 22,420 kwa saa 24. Ndiyo, umesoma vizuri: hata elfu ishirini na tano haifiki. Kiingilio ndicho wanachokiandika kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na ndicho kidogo kuliko vyote.

Toa hizo mbili, unabaki na takriban 1,080,000. Fedha hiyo ndiyo bajeti yenu ya gari lenye dereva kutoka Morogoro, ada ya gari kuingia hifadhini (inategemea uzito wake), kulala na kula. Piga simu, uliza bei ya Land Cruiser yenye paa la kufunguka kwa siku mbili, mafuta ndani. Ukipewa 600,000 au pungufu, mmeshinda, kwa sababu mtabaki na karibu 480,000 za vyumba viwili, chakula na ada ya gari. Ukipewa 900,000, basi la kikundi linaanza kuwa na hoja.

Kilicho ghali ni gari, na gari halijali limebeba wangapi. Watu watano hadi saba mnaojaza gari moja mna nguvu ya bei ambayo mtu mmoja au wawili hawana.

Kijiti_cha_Mkata

Hesabu ya mkuu hapo juu iko sawa, lakini mimi ningekataa hata kama kifurushi kingekuwa nafuu, kwa ajili ya ratiba.

Tuanze na saa za kuzunguka. Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri ndio muda mbaya kuliko yote. Jua likiwa utosini simba amelala chini ya kichaka, tembo wamejibanza kivulini, na mnaona swala na twiga wa mbali. Wanyama wanatembea alfajiri na jioni. Ratiba nzuri ya siku mbili ni kuingia saa 9 alasiri mkatoka jua linapozama, kisha kurudi saa 12 asubuhi lango likifunguliwa. Hii yao imepangwa kwa urahisi wa basi.

Pili, uliza swali moja tu: "Ndani ya hifadhi tunaingia na gari gani?" Watu 50 wakihamishiwa kwenye Land Cruiser za abiria saba wanahitaji magari manane. Kwa 280,000 sioni wakiyalipia, kwa hiyo jibu huenda likawa basi lenyewe. Basi lina faida moja, nisilionee: ni refu, na mwishoni mwa Juni nyasi za uwanda wa Mkata, ule wa wanyama ndani ya hifadhi, bado ziko juu kwa sababu masika yametoka kuisha. Lakini viti viko viwili viwili, nusu ya abiria hawako dirishani. Simba akiwa kushoto, wa kulia wanaona visogo. Paa halifunguki. Na basi zito haliachi njia kuu za hifadhi: udongo mweusi wa Mkata ukiwa na unyevu unanata kama gundi, likizama hapo hakuna wa kulisukuma. Mtapelekwa bwawa la viboko, ambalo haliko mbali na lango, mtazunguka kidogo, basi.

Kuna mchezo mwingine wa kuuliza. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50. Tembo, twiga, pundamilia na nyani wanaonekana kutoka barabarani, bure, hata na aliyepanda basi la Mbeya. Baadhi ya waandaaji wanaihesabu hiyo kama sehemu ya kutalii. Uliza mtakaa ndani ya lango kwa muda wa saa ngapi, na muda huo uandikwe kwenye makubaliano.

Sanje nayo. Maporomoko yana urefu wa takriban mita 170 na yanapendeza, ila Udzungwa haina barabara ndani, ni miguu tu. Njia inapanda mlima kwenye msitu, ngazi na mizizi, na kwa kikundi kikubwa ni saa nne kwenda na kurudi. Mama mkwe atabaki chini. Sasa pangeni muda: kutoka Mikumi mjini hadi Mang'ula, liliko lango la Udzungwa, ni kama kilomita 65. Mkitoka saa 12 asubuhi, mkafika, mkalipa, mkaanza kupanda saa 2 na nusu, mnashuka saa 6 na nusu mchana kama hakuna aliyechoka njiani. Kula, kuhesabiana, kuondoka saa 8. Mikumi saa 9 na nusu. Hapo bado kilomita karibu 300 hadi Dar, basi halitakiwi kuzidi 80 kwa saa, kuna malori, kuna mizani ya Vigwaza, na kuna foleni ya Jumapili jioni kuanzia Kibaha. Saa 2 usiku? Wekeni saa 4, na watoto wamelala mapajani.

MamaWawili_Tabata

Asanteni sana. Nimewauliza gari la ndani, wamejibu "tutaona kulingana na idadi". Mume wangu anasema tatizo la kujipangia ni kwamba hatujui porini, na hatutakuwa na mtu wa kutuelekeza. Hilo nalo vipi?

Shabani_wa_Safari

Dada, dereva wa magari ya utalii kwa kawaida ndiye mwongozaji pia. Mwambieni wazi mkiwa mnapatana bei kwamba mnataka dereva anayeijua Mikumi, asiwe mtu wa kuendesha tu. Mkitaka zaidi, ulizeni langoni kuhusu askari au mwongozaji wa hifadhi. Ada yake ni ya pembeni. Ana simu ya wenzake na anajua simba walionekana wapi asubuhi.

Ila jamani tusiliseme vibaya basi kwa kila mtu. Kijana yuko peke yake, au wachumba wawili: gari la kukodi litawamalizia fedha, basi litawapeleka kwa bei ya kiti. Vikundi vya kwaya, SACCOS, wanafunzi, waliosoma pamoja: hao wanakwenda kwa ajili ya kuwa pamoja, na basi ndiyo nusu ya raha. Kikundi cha hivyo kikijaza basi chenyewe kinaweza hata kuamuru ratiba. Shida ni familia yenye mzee na mtoto kuingia kwenye basi la watu wasiofahamiana. Kusimama kuchimba dawa kwa dakika 15, watu 50 na vyoo viwili, inakuwa dakika 40. Mara tatu njiani, saa mbili zimekwenda. Na ngazi za basi kubwa ni ndefu kwa magoti ya mama.

Kama mnataka utulivu zaidi, ulizeni nyumba za wageni za TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) ndani ya hifadhi. Faida yake ni kwamba mkiingia saa 9 alasiri Jumamosi, kibali cha saa 24 kinawafikisha saa 9 Jumapili bila kutoka langoni. Mkilala Mikumi mjini, ulizeni kwanza kama kibali kinaruhusu kutoka na kuingia tena, au mtalipa upya asubuhi, ninyi na gari.

Otieno_Kisumu

Samahani kuingilia. Sisi Wakenya tunalipa kama wageni huko?

Ramani_Mkononi

Hapana ndugu, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi sawa na Mtanzania, mradi awe na kitambulisho au pasipoti. Asiye na uthibitisho anahesabiwa mgeni, na Mikumi mgeni mtu mzima ni dola 30 kabla ya VAT. Hii inawahusu pia wenye ndugu waliozaliwa Ulaya wenye pasipoti za huko: ubini wa Kiswahili haupunguzi bei. Na langoni hakuna fedha taslimu. Ni kadi au namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo dereva apewe majina na idadi mapema.

Kijiti_cha_Mkata

Dada, hiyo "tutaona kulingana na idadi" ndiyo jibu lenyewe. Usilipe kianzio juu yake.

Kwa yeyote atakayeamua basi, mambo ya kushika: kampuni iwe na leseni ya utalii, ile TALA, na basi la kukodi liwe na kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Lipa kwenye akaunti ya jina la kampuni, ukatae namba ya simu ya mtu binafsi, na udai risiti ya EFD. Iandikwe idadi ya chini ya abiria na tarehe ya mwisho ya kutangaza kama safari ipo, maana wengi wakikosa watu wanasogeza tarehe na kukaa na fedha zako. Iandikwe pia nani analipa mkikosa hifadhi kwa sababu basi limeharibika.

Kwa ninyi watano: ifuteni Sanje, au mwiache kwa safari nyingine bila mama. Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda, hasa upande wa miti. Tiketi za treni za wikendi ya likizo zikate mapema, majina yalingane na vitambulisho, na dereva awasubiri stesheni ya treni Kihonda, si stendi ya mabasi Msamvu. Treni ya asubuhi itawafikisha Morogoro mapema kuliko mnavyohitaji, kwa hiyo kuleni hapo mjini bila haraka, mwende Mikumi mchana, mpitishe lango saa 9. Ya kurudi chukueni ya jioni Jumapili, na mwondoke hifadhini si baada ya saa 7 mchana. Kutoka langoni hadi Morogoro ni kilomita kama 100, lori moja likilala njiani treni haiwangoji.