Hizi tovuti za maktaba zilitengenezwa kwa ajili ya nani? Maana wasomaji siyo sisi

Wakuu, leo acha niteme nyongo. Kitabu nilichoazima mwisho wake wa kurudishwa ulikuwa leo. Nikasema hakuna shida, tovuti ya maktaba ipo, naongeza muda kwa simu nikiwa kitandani. Nilianza saa tatu usiku. Sasa hivi saa sita imepita, muda haujaongezwa, na faini imeshaanza kuhesabu.

Ukifungua tu, picha ya jengo imejaa kioo kizima. Shuka chini, salamu za uongozi. Shuka tena, picha za sherehe zinazojibadilisha kabla hujamaliza kusoma maelezo yake. Menyu ndiyo balaa: "OPAC" (yaani katalogi ya kutafutia vitabu mtandaoni), "Huduma za Marejeo", "Mzunguko". Mzunguko! Nikadhani ni ratiba ya gari la vitabu. Kumbe ndiyo idara ya kuazima na kurudisha, ndivyo wakutubi wanavyoiita wao kwa wao. Sasa mimi lugha ya ofisini kwao nimefundishwa na nani? Si waandike tu "Ongeza muda wa kitabu"? Na pale kaunta watu walewale wanaongea vizuri, wanasaidia kwelikweli, kwa hiyo hasira zangu siyo kwao.

Kuingia nako ni vita. "Taarifa si sahihi." Taarifa ipi, namba ya kadi au nenosiri? Mara ya nne ndipo nikagundua simu ilikuwa imeongeza nafasi tupu mwishoni mwa namba. Nafasi tupu jamani, mfumo umeshindwa kuifuta wenyewe!

Nilipoingia nikasema nitafute na kitabu kingine. Herufi moja ikaniponyoka: "Matokeo 0". Hauniulizi kama nilimaanisha neno lingine, sifuri na kwaheri. Nikaandika ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, na vistari vyake kama ilivyochapwa nyuma ya jalada: sifuri. Nikatoa vistari, kikaja! Tarakimu 13 ni zilezile.

Na kilivyokuja sasa. 100, jina la mtu. 245, jina la kitabu. 650, mada, huku alama za dola zimetapakaa katikati. Hii niliwahi kuelezwa na mkutubi mmoja: ni MARC, muundo uliobuniwa miaka ya 1960 kwenye Maktaba ya Bunge la Marekani na Henriette Avram, ili kompyuta zisome rekodi za katalogi na maktaba zipeane. Kazi kubwa ile, siidharau hata kidogo. Lakini ule ni utumbo wa mashine, mnatuandalia mezani wa nini? Mimi nataka kujua kipo au kimeazimwa, kiko rafu gani, kinarudi lini. Hayo yalikuwa chini kabisa, maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, nikavuta kioo mpaka usoni. Nikiwa bado nasoma: "Kikao chako kimeisha." Nikarudishwa kwenye namba ya kadi.

Saa za kufungua je? Ziko kwenye PDF iliyoskaniwa. Rafiki yangu haoni, simu yake ndiyo humsomea, na kwenye picha ile haisomi chochote.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India, alitoa kanuni tano za ukutubi mwaka 1931, na ya nne ni okoa muda wa msomaji. Mwaka 1931, kompyuta zenyewe bado! Wakutubi huifundishwa darasani. Basi kabla ya kuzindua tovuti waite wasomaji watano ambao hawajawahi kuiona, wawape simu, wawaambie "ongeza muda wa kitabu hiki", halafu wakae kimya nyuma yao waangalie vidole vinavyohangaika. Asubuhi moja tu inatosha.

Kitabu kiko hapa pembeni ya mto. Kesho nakipeleka kwa miguu na faini mkononi. Kama kuna aliyewahi kukiona hicho kitufe cha kuongeza muda, aniambie kimejificha wapi.