Gia ngumu kwenye pikapu: tupeane uzoefu wa oili ya giaboksi

Mdau wa Goba
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya dizeli, manyuo. Asubuhi kutoka namba moja kwenda mbili inagoma, ukilazimisha inakwaruza. Nikifika Mwenge imeshapata moto, inaingia vizuri. Nataka kumwaga oili, ila Gerezani kila duka lina jibu lake: huyu 90, huyu 140, huyu 75W-90 (namba za uzito wa oili, kubwa ndiyo nzito). Wenye pikapu, mliweka nini na gia zikawaje?

Fundi Shauri Moyo
Kabla ya oili pima klachi. Zima injini, ingiza gia zote. Zikiingia laini gari likiwa limezimwa halafu zikagoma likiwashwa, klachi haiachii vizuri. Angalia masta ya juu, silinda ya chini, na kama kuna upepo kwenye bomba. Watu wanamwaga hela kwenye oili kumbe kikopo cha fluidi kimekauka. Ila ya kwako inalainika ikipata moto, kwa hiyo nashuku humo ndani kuna oili nzito.

Baba Wawili Kimara
Naunga mkono. Klachi kwanza.

Mzigo wa Mbagala
Umenikumbusha mateso. Pikapu yangu iliwekewa 140, ile ile ya difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Fundi akasema Dar kuna joto, oili nyepesi itakuwa maji. Nikitoka alfajiri kuwahi Feri kuchukua samaki, namba mbili haiingii mpaka nisimame kabisa. Nyuma yangu daladala zinapiga honi, mkono unauma. Nilipomwaga na kuweka 75W-90 ya GL-4 (hilo ni daraja la dawa zilizomo kwenye oili), wiki ile ile gari likabadilika. Hiyo 140 ni ya kuficha kelele za giaboksi iliyochoka, wauzaji wa magari wanaijua sana.

Jua la Temeke
Sikubaliani na hii dini ya GL-4. Kitabu cha Hilux yangu kimeandika GL-4 au GL-5, zote ruksa. Na hiyo 75W ni ya nini hapa kwetu? Namba ya mbele ni ya baridi. 75W inapimwa kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri. Nani ameona barafu Tandika?

Fundi Shauri Moyo
Kitabu chako kikiruhusu GL-5, weka, hakuna anayekukataza. Lakini elewa kinachofanyika ndani. Kuna pete za shaba, sinkronaiza. Pete inatakiwa kushika koni ya gia kwa msuguano mpaka mizunguko ilingane, ndipo meno yaingie bila kugongana. GL-5 ilikusudiwa difu, ambako meno yanasuguana kwa kuteleza huku yamebeba mzigo mkubwa, kwa hiyo ina karibu mara mbili ya dawa za salfa na fosforasi. Utelezi ukizidi, pete inachelewa kushika. Kuna GL-5 ambazo salfa yake inakula shaba. Na 75W-90 nyingi ni sintetiki, hata kwenye joto letu la asubuhi ni nyepesi kidogo kuliko 80W-90. Hiyo tofauti mkono unaisikia.

Jua la Temeke
Hapo kwenye sintetiki nakuelewa. Kwenye shaba bado, GL-5 za sasa nyingi zina kinga.

Mtoto wa Ilula
Nyie mnabishana namba, mimi nataka muangalie KIASI. Nilikuwa natoka Iringa na mzigo wa vitunguu kuja Dar. Kitonga nashuka na gia namba mbili, injini inashikilia gari, lori la mafuta mbele, basi nyuma. Ghafla gia ikajitoa. Lever ikarudi katikati yenyewe, injini ikanyamaza, gari likaanza kukimbia. Naisukuma mbili, inakwaruza, inakataa. Breki nikazikanyaga mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde, na wote mnalijua lile bonde.

Marehemu baba alikuwa dereva wa malori na alinifundisha klachi mara mbili. Nikakanyaga, nikaachia gari likiwa huru, nikapiga resi ya nguvu, nikakanyaga tena na kusukuma namba tatu. Ikaingia kwa kishindo. Breki zikapata ahueni, nikasogea kwenye upenyo nikasimama. Utingo akashuka akakaa chini, hakusema neno.

Kufungua giaboksi, oili iliyotoka haikujaza kikombe. Sili ya nyuma ilikuwa inavuja taratibu, upepo wa safari unaikausha, chini huoni tone. Kwenye sumaku ya nati kulikuwa na vipande vya chuma, na humo kwenye oili chenga za shaba zinang'aa. Pete ya namba mbili imekwisha. GL-4, GL-5, hata ungeweka dhahabu, kama haipo haipo.

Baba Wawili Kimara
Mungu ni mwema. Nimesoma mkono uko kifuani.

Bint Kigamboni
Pole sana kaka. Vitunguu vilifika?

Mtoto wa Ilula
Vilifika kwa gari la kukodi, dada. Utingo alirudi kwao.

Msimbazi Juu
Waliopita kwenye maji ya Jangwani, fungueni mwangalie. Maji yanaingia kwa tundu la kupumulia la giaboksi. Ya kwangu ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Hiyo haisubiri, mwaga siku hiyo hiyo.

Mama Mchele Tandale
Pikapu yangu inabeba mchele kila siku na nasimama na fundi mwenyewe. Kwanza afungue nati ya KUJAZIA, ndipo ya kumwagia. Jirani yangu walimwaga, kuja kujaza nati haifunguki, gari likalala gereji bila oili.

Mwana Mandela Road
Mimi nilihamia otomatiki. Goti limepona.

Isuzu Damu
Msiwadanganye watu wa Isuzu. Baadhi ya zile za zamani kitabu kinataka oili ya injini kwenye giaboksi, na kuna Ranger zinazotumia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki. Soma kitabu cha gari lako, siyo la jirani.

Mdau wa Goba
Nimewasoma wote. Klachi nimepima, iko sawa. Ninunue lita ngapi za 75W-90?

Fundi Shauri Moyo
Beba lita tatu. Gari lisimame sawa, siyo mbele juu. Tembea kwanza ipate moto, mwaga, futa sumaku. Uji wa kijivu ni wa kawaida, vipande siyo. Jaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, funga. Kama ni fowili, boksi la pili, lile la kupeleka nguvu magurudumu ya mbele, lina nati zake, na hapo ndipo wengi wanaposahau.