Mashindano ya Katiba mashuleni: tunapata raia au wakariri tu?

Mzazi_Kibaha: Wakuu habari zenu. Kijana wangu yupo kidato cha tatu, shule yao ilikuwa na shindano la Katiba, akaulizwa ibara ya 13(6)(e) akaitiririsha yote, ni marufuku mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza, ukumbi mzima makofi, akapewa kamusi na madaftari sita. Jumatatu yake kachelewa namba sababu daladala zilikuwa zinakataa wanafunzi, kalambwa fimbo sita za mkononi mstarini mbele ya wenzake. Usiku anaandika homuwek kashika kalamu kwa vidole viwili. Sasa hivi vishindano vinamjenga nini kama Katiba inaishia ukumbini?

Ticha_wa_Zamu: Pole kwa kijana ila usituchafue walimu. Darasa lina watoto 90 mwalimu mmoja, na nyie nyie wazazi ndo mnakuja kutuambia "mwalimu huyu ninyooshee". Viboko vipo kisheria.

Mama_Zai: Sheria ipi ticha? Waraka wa elimu wa 2002 unasema visizidi vitatu, na anachapa mkuu wa shule au aliyepewa ruhusa kwa maandishi.

Ticha_wa_Zamu: Ni vinne sio vitatu. Soma kwanza ndo uje kubishana na watu wa fani.

Mama_Zai: Haya vinne, sita mmevitoa wapi??

Mjukuu_wa_Pangani: Jamani mada ni mashindano. Mi naona kasoro iko kwenye lugha, Katiba ya 77 imeandikwa Kiswahili kizuri tu, sekondari tukasomeshwa Uraia kwa Kingereza, mtoto anakariri haki asizoweza kumwelezea bibi yake nyumbani. Shindano la Kiswahili angalau linamrudisha kwenye maneno yenyewe, msiyaponde yote.

Wa_Likoni: Huku Kenya kiboko shuleni kilipigwa marufuku 2001, na Katiba ya 2010 ibara ya 29 imekitaja wazi. Ila mi mwenyewe nilichapwa form two, 2012. Kwa hivyo karatasi pekee haitoshi ndugu zangu.

Ticha_wa_Zamu: Na ndio maana mabweni yenu yanachomwa kila muhula. Ondoeni fimbo muone.

Wa_Likoni: Mwalimu hapo umenigusa pabaya. Sekondari ya wasichana Bombolulu, Kwale, 1998, wasichana 26 waliteketea bwenini na kiboko wakati huo kilikuwa ruksa. Usiwatumie watoto wetu kutetea fimbo yako.

Ticha_wa_Zamu: Sikujua hiyo. Samahani kwa hilo. Lakini bado nauliza, mtoto 90 nawashikaje?

Kijana_Temeke: Watu wazima wenyewe Katiba Inayopendekezwa ilipita Bunge Maalum la Katiba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa mpaka leo kimya, halafu tunamdai mtoto ajue ibara. Mashindano yaanzie kwa wakubwa.

Mama_Zai: Kijana usituhamishe, hilo lina uzi wake. Mzazi, kila adhabu ya viboko inatakiwa iandikwe kwenye kitabu maalum. Nenda kaombe ukione, jina la mwanao lipo? Sababu ipo? Nani kachapa? Hiyo ndo elimu ya uraia, kijana akuone baba unauliza kwa adabu na unajibiwa.

Mzazi_Kibaha: Dada asante, hilo la kitabu sikulijua. Leo nimemwambia kijana kesho asubuhi tunaongozana. Akaacha kula. Akaniambia baba naomba usije, ukija nitaonekana mjuaji, wale walimu nabaki nao mimi. Yule yule aliyeitaja ibara bila kukosea hata neno.

Ticha_wa_Zamu: Mkuu ni shule gani hiyo?

Mzazi_Kibaha: Jina la shule silitaji mwalimu. Kijana kanikataza.