Tupeane uzoefu: kutoa upepo kwenye breki na klachi ya pikipiki nyumbani

Mwanzisha mada
Wakuu, salaam. Wale mnaotoa wenyewe upepo ulioingia kwenye mafuta ya breki au klachi, bila kupeleka chombo kwa fundi, tukutane hapa. Kila mtu aeleze alichofanya kwa mikono yake.

Naanza. Apache yangu, breki ya mbele, mkono wa kuminyia breki ulikuwa unazama mpaka karibu ya mpini. Mafuta ya breki kwenye kichupa cha pale usukani yameshakuwa rangi ya chai ya mkandaa. Nilifuta vumbi kwanza, nikafungua kifuniko, nikanyonya yale machafu kwa bomba la sindano na kujaza DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya kama kifuniko kinavyoagiza. Chini kwenye kalipa (kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski), spana namba 8 kwenye niple (skrubu ndogo ya kutolea mafuta), na kampira ka plastiki kanakoonyesha ndani, ncha yake imezama kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Minya mkono mara kadhaa, ushikilie, legeza niple robo mzunguko, mafuta na mapovu yatoke, funga, ndipo uachie mkono. Ukiachia kabla hujafunga, unavuta upepo upya na kazi yote imepotea. Na kichupa kisishuke chini ya alama, ongeza mara kwa mara.

Dereva wa Tanga
Mkuu, hiyo rangi ya mafuta usiidharau. Mimi nilikuwa nateremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, nina abiria na mzigo, kona baada ya kona nimeshikilia breki. Katikati ya mlima mkono ukalegea ghafla. Nilishuka gia, nikasimama pembeni, diski ilikuwa haishikiki kwa moto. Ilipopoa breki ikarudi yenyewe, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakaendelea na safari.

Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini ikishalowa maji kiwango hicho ni 155. DOT 3 ni 205 na 140. Yakichemka ni mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo nguvu ya mkono haifiki kwenye pedi. Sasa nabadilisha yote kila baada ya miaka 2 hata kama breki inashika vizuri, na miteremko naachia injini ishike.

Mdau wa Nairobi
Wadau, kama umefungua kalipa kubadilisha sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) au umeweka mpira mpya wa kupitisha mafuta ya breki, mfumo mzima uko mtupu. Kuminya juu utachoka bure. Mimi hujaza mafuta kwenye sindano kubwa, naunganisha na niple, nasukuma polepole kutoka chini. Upepo unapenda kupanda, msaidie. Angalia tu kichupa kisifurike, na ufunike tangi kwa kitambaa kilicholowa, maana mafuta haya yanakula rangi. Tone likianguka, mwagia maji papo hapo.

Dada wa Mwanza, nasambaza vifurushi
Mimi lililonisumbua ni lile povu la mwisho. Chini yanatoka mafuta safi, bado mkono laini. Kumbe limejificha juu, kwenye masta silinda, ile pampu iliyopo kwenye mkono wa breki. Geuza usukani mpaka masta iwe ndiyo sehemu ya juu kabisa, kisha uchezeshe mkono kidogo kidogo, usiminye mpaka mwisho. Utaona vipovu vidogo vinapanda kwenye kichupa. Vikigoma, funga kifuniko, fungia mkono kwa mpira wa kufungia mizigo, uache mpaka asubuhi. Ukiuachia, vilivyopanda usiku vinatoka. Kwangu imefanya kazi kila nilipoijaribu.

Mjumbe wa Arusha
Kuhusu klachi: pikipiki nyingi za kazi hapa zina klachi ya waya, hakuna upepo wa kutoa, rekebisha waya tu. Za mafuta utazijua kwa kichupa upande wa kushoto wa usukani. Upepo ukiingia, gia inakuwa ngumu na chombo kinasukuma mbele hata umeminya klachi yote. Njia ni ileile ya breki. Ila SOMENI KIFUNIKO. Baadhi ya KTM zinatumia mafuta ya madini kwenye klachi, ukiweka DOT sili zinaharibika. Na DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na DOT 4 wala 5.1.

Mgeni
Niple yangu imeshika kutu, spana inateleza. Nifanyeje?

Mwanzisha mada
Acha spana ya mdomo wazi, utaila ile kona. Pulizia dawa ya kutu, iache usiku, kisha tumia boksi ya pembe sita. Jaribu kwanza kukaza kidogo, ndipo ulegeze. Ile niple ina tundu katikati, ikikatikia ndani utahitaji fundi mwenye drili. Ikitoka, weka mpya, kaza kwa kiasi tu. Kisha minya breki kwa nguvu zote ukiwa umesimama, ukague kama kuna unyevu kwenye niple, na uijaribu uani kwa kuisukuma kabla hujapanda.