Rails 7 yakataa jina la klasi lililokuwa likifanya kazi

Swali

Habari zenu ndugu. Nimepandisha programu yangu kutoka Rails 5.2 hadi 7.0 (Rails ni kiunzi cha kutengenezea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby). Kwenye kompyuta yangu inawaka vizuri, lakini kwenye seva inaanguka ikianza tu, ikidai kwamba faili la `app/models/pdf_ripoti.rb` lilitakiwa kuwa na `PdfRipoti`. Klasi yangu inaitwa `PDFRipoti` tangu mwanzo na haikuwahi kusumbua. Je, nibadilishe jina la faili au la klasi?

Jibu la kwanza

Ndugu, faili lako halina kosa. Kilichogeuka ni mwelekeo wa utafutaji. Kipakiaji cha zamani, yaani sehemu ya Rails inayotafuta na kupakia mafaili ya klasi, kilianzia kwenye jina: kikikutana na `PDFRipoti` kisiyoijua, kiliigeuza kuwa herufi ndogo na kulipata `pdf_ripoti.rb`. Zeitwerk, yaani kipakiaji kipya, iliyoingia na Rails 6.0 mwaka 2019, huanzia kwenye faili, na kutoka `pdf_ripoti` haiwezi kubaini kwamba herufi tatu za mwanzo zilikuwa kubwa zote. Katika 7.0 kipakiaji cha zamani kimeondolewa kabisa.

Seva hupakia mafaili yote inapoanza, ilhali kompyuta yako husubiri hadi faili lihitajiwe, ndiyo maana hukuliona tatizo mapema. Endesha `bin/rails zeitwerk:check`, amri inayokagua kama majina ya mafaili na klasi yanaoana, kabla ya kupeleka chochote kwenye seva.

Jibu la pili

Naongezea tahadhari. Wengi watakushauri uandike `inflect.acronym "PDF"` ndani ya `inflections.rb` ili Rails iichukue PDF kama kifupisho cha herufi kubwa, lakini kanuni hiyo hugusa programu nzima: ukiwa na klasi nyingine iitwayo `PdfMuhuri`, nayo itaanza kukataliwa. Kwa faili moja ningeandika hivi katika `config/initializers/zeitwerk.rb`:

`Rails.autoloaders.main.inflector.inflect("pdf_ripoti" => "PDFRipoti")`

Kubadilisha jina la klasi ni safi zaidi, ila kagua hifadhidata kwanza. Uhusiano wa polimofiki (ambapo rekodi inaweza kuunganishwa na klasi tofauti tofauti) huhifadhi jina la klasi kama maandishi, na rekodi za zamani zitaendelea kuitafuta `PDFRipoti`.

Muulizaji

Nashukuruni sana. Kweli jina hilo limo kwenye hifadhidata, kwa hiyo nimeiacha klasi ilivyo na kuuweka mstari huo. Ukaguzi uliofuata ulinionyesha faili jingine, `sms_tuma.rb` lenye `SMSTuma`, nikalitendea vivyo hivyo. Sasa seva inawaka.