Mrejesho: klachi ya boda imeacha kuteleza, shida ilikuwa oili

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini boda yangu inanguruma bila kuvuta nikipanda mlima wa Mengo hapa Kampala, wakati oili ni mpya na ni API SP (API ni taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, na SP ni daraja la mwaka 2020). Asanteni sana kwa majibu.

Niligeuza kopo. Kwenye duara la API, chini ya 5W-30 (namba ya uzito wa oili), pameandikwa "Resource Conserving": oili ya kubana matumizi ya petroli, ina dawa za kupunguza msuguano. Kwenye gari haina neno, oili ya injini haifiki kwenye klachi. Klachi ya boda inaogelea humo humo, na sahani zake bila msuguano hazishikani!

Muuzaji wa Ndeeba aliniambia SP ndiyo kubwa, basi nikaamini. Kumbe API inazungumzia injini. Ya klachi tazama JASO, alama ya viwango vya Japani: MA au MA2. MB ni ya skuta.

Nimeweka 20W-50 yenye MA2. Bado iliteleza kidogo, fundi akafungua: sahani moja nyeusi, imeungua, inanuka. Tumeibadilisha. Jana nimepanda Mengo na abiria na mkungu wa matoke, gia ya tatu, ikavuta vizuri kabisa.